Mama Mdogo kwenye Vijiti Vitatu

Mratibu wetu alikuwa mchungaji mstaafu, na ofisini kila mtu alimwita Pasta. Asubuhi moja aliniita chumbani kwake, akanigeuzia kompyuta, akaniuliza kwa upole kama wale watu niliowaonyesha ukutani jana yake walikuwa wameshazaliwa wote.

Sikulielewa swali. Nadhani hata yeye hakulielewa vizuri. Alihisi tu kwamba kuna kitu hakikai sawa.

"Ninauliza tu, mutoto wangu," alisema. "Tumesaidia batu ya Bulengera, batu ya Beni, kule Mabalako, na Kasugho kidogo. Mimi nilikuwa pasta myaka mingi, kanisa ikijaa ninaona. Hii namba yako ni makanisa ngapi? Hawa batu bote tuliwaona lini?"

"Ni mashine ndiyo ilijumlisha, Pasta."

"Mais lakini mashine iliwaona wapi?"

Nilisimama pale nikiitazama ile namba kubwa iliyokaa juu ya skrini. Jana, mwanga wa projekta ulipoitupa ukutani, niliiona nzuri. Sasa, kwenye meza ya Pasta, kando ya Biblia yake na kikombe cha chai, ilionekana kama uongo, na sikujua nani aliyeusema.

Shirika letu lilikuwa dogo. Liliwasaidia watu waliokimbia mashamba yao kwa sababu ya vita: mbegu, sabuni, mafunzo ya kushona, mikutano ya afya kwa akina mama. Tulikuwa na ofisi mbili, yetu ya Butembo, ambayo iko Bulengera, mojawapo ya komini za mji huo, na nyingine ya Beni, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifika hadi Mabalako. Kasugho tulikwenda sisi, njia ikiruhusu. Nilikuwa nimesoma informatique, yaani kompyuta, ya usimamizi, basi wafadhili waliposema hawataki tena ripoti za kurasa nyingi, wanataka dashibodi, ukurasa mmoja wa kompyuta wenye namba na chati, wenzangu wote walinigeukia.

Nilijifunza kuitengeneza mwenyewe, kwa kusoma na kukosea. Juu kulikuwa na namba moja kubwa. Chini yake kulikuwa na zile chati ambazo kwa Kifaransa huitwa bâtons, nasi tukaziita vijiti: kijiti kimoja kwa kila mahali, na pembeni kijiti kimoja kwa kila huduma. Ukibofya kijiti cha Beni, vitu vyote vingine vinabadilika vionyeshe Beni tu. Ukibofya tena, vinarudi. Pasta alikipenda sana kile kitendo cha kubofya. Alikuwa akikaa peke yake akibofya, kama mtu anayejaribu swichi za nyumba mpya.

Kosa la kwanza nililipata siku ileile, na halikuwa gumu. Kila mara mtu alipopokea kitu, simu ya kukusanyia habari iliandika mstari mmoja. Mama aliyechukua mbegu, kisha sabuni, kisha akaja kushona, alikuwa na mistari mitatu. Skrini yangu ilihesabu mistari, nami juu yake nilikuwa nimeandika neno "watu". Nikaiambia kompyuta ihesabu kadi badala ya mistari, kwa sababu kila mtu alipewa kadi yenye namba. Namba kubwa ikashuka, nikamwita Pasta aje aone, akasema afadhali.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika, nikamkuta mama mdogo jikoni, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa upya.

Mama mdogo ni mdogo wa mama yangu. Baba yangu ni Mwislamu wa Beni, msafirishaji, mwenye lori la kubeba mbao na ndizi. Mama alisilimu alipoolewa naye. Mdogo wake alibaki Mprotestanti kama wazazi wao, akaolewa na mkulima wa upande wa Mangina, katika eneo la Mabalako, wakapanda kakao. Mume alifariki kwa maradhi. Vita vilipofika karibu na shamba, mama mdogo alikimbilia kwanza Mangina penyewe, akakaa kwa jirani. Hapo wenzangu wa Beni walimpa mbegu na kadi. Mangina nako kulipoharibika, alikwenda Beni kwa baba yangu. Hapo alipewa sabuni na kadi nyingine, kwa sababu ile ya kwanza ilibaki kwa jirani. Alipochoka kusikia risasi, alipanda hadi Butembo, kwangu, na wenzangu wa huku wakamwandikisha kwenye mafunzo ya kushona. Nilikuwepo alipopewa kadi ile. Nilimshika mkono wakati wa kuweka sahihi.

"Mama mudogo," nilimwambia, "wewe uko na kadi ngapi?"

Aliacha kukoroga maharagwe. "Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

"Niko na hii ya hapa," alisema, akaendelea kukoroga.

Basi kwenye skrini yangu alikuwa bado wanawake watatu, na kama yeye alikuwa watatu, sikujua wengine walikuwa wangapi. Wote walikuwa wamepita njia ileile.

Nilifikiri jina litanisaidia. Nikaiagiza kompyuta itafute majina yanayofanana katika ofisi zote mbili. Mtu wa kwetu angejua mapema kwamba huo ni upuuzi, na mimi ni mtu wa kwetu, lakini mbele ya kompyuta nilikuwa nimesahau. Sisi Wanande mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi aliyozaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili ana lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukisimama katika soko la Butembo ukaita jina la binti wa kwanza, nusu ya wauzaji watageuka. Kompyuta ikaniletea wanawake wengi mno, ikasema ni mmoja. Nilipoongeza mwaka wa kuzaliwa haikusaidia sana, kwa sababu wengi hawakuujua, na aliyewaandika aliwakadiria kwa kutazama sura.

Ikabidi niende Beni. Niliondoka asubuhi, Butembo ikiwa bado na ukungu na watu wamevaa majaketi, nikashuka Beni watu wakiwa wamejikinga jua kwa mabahasha. Mwenzetu wa ofisi ya Beni alikuwa mwanamume mkubwa kunizidi, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi. Mbele ya watu aliniita madame, na tukiwa wawili aliniita dada. Tulifungua kompyuta kwenye meza iliyokuwa barazani, nikamwonyesha mtu ambaye mashine ilikuwa na uhakika naye kuliko wote: jina moja, jina la ubatizo moja, jina la mume moja, kijiji kimoja cha Mabalako, mwaka mmoja. Kadi mbili.

"Huyu tunaweza kumuunga sasa hivi," nilisema.

Aliangalia, akakuna kidevu. "Tumuite kwanza. Anakaa hapa nyuma."

Akamtuma mlinzi. Walikuja wanawake wawili, wakaketi kwenye benchi moja, wakiwa wamejifunga vitenge vya kitambaa kimoja.

Nikasoma jina. "Nani njo huyu?"

"Ni mimi," alisema wa kwanza.

"Ni mimi," alisema wa pili.

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa anaangalia barabara.

"Na bwana yenu?" niliuliza, na swali lilipotoka nikaona lilivyo baya.

Wa kwanza, aliyekuwa mrefu, alicheka kidogo. "Tuliolewa na ndugu babili, madame. Jina ya baba yao ni moya."

"Mulizaliwa mwaka moya?"

"Hatujue. Ule aliandika, alituangalia tu."

Wa pili hakuwa amecheka. Alikuwa ameukunja mkoba wake mapajani. "Sasa munataka kutuunga?"

"Hapana, mama. Nilitaka kujua kama muko babili."

"Tuko babili," alisema. Kisha, kana kwamba hilo halingenitosha, akaongeza, "Yeye njo ana mapacha. Mimi sina mapacha."

Niliwaomba radhi kwa kuwasumbua. Walipoondoka, mwenzangu alinimiminia chai, akaniambia habari ambayo sikuwa nimeifikiria. Watu waliokuwa na kadi mbili waliificha moja. Kadi mbili zilionekana kama wizi. Mama aliyekimbia mara tatu akapewa kadi mara tatu hakuwa ameiba kitu, lakini akiulizwa atasema ana moja, kwa sababu hajui anayeuliza anatafuta nini. Nilimkumbuka mama mdogo na kijiko chake cha maharagwe.

Tulikubaliana kwamba tutauliza kwa njia nyingine. Tutamwambia kila mtu kwanza kwamba hakuna atakayeondolewa. Kisha tutauliza alizaliwa kijiji gani, mama yake aliitwa nani, na amepita wapi tangu atoke shambani, tena amepita wapi, tena wapi, bila kutaja kadi hata kidogo. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi. Watu walipoulizwa walikopita walisema kwa urefu, na kadi zikatoka zenyewe mifukoni. Mama mdogo alinionyesha ya Beni siku moja baada ya kanisa, akiwa ameifunga ndani ya kitambaa, akasema alidhani imepotea.

Nikampa kila mtu namba moja mpya, ya ofisi zote mbili, na kadi zake zote zikaning'inia chini ya namba hiyo. Nikaiambia dashibodi ihesabu namba mpya tu. Namba kubwa ikashuka tena, ikashuka sana, na safari hii niliiamini. Nilifikiri kazi imekwisha.

Siku mbili tatu baadaye Pasta alikuja mezani kwangu na simu yake mkononi, ameifungua sehemu ya kupigia hesabu.

"Nimejumlisha vijiti," alisema. "Butembo, Beni, Mabalako, Kasugho. Nimerudia. Inapita namba ya juu."

"Ndiyo, Pasta. Lazima ipite."

"Lazima?"

"Kwa sababu kuna batu benye biko kwenye kijiti zaidi ya kimoja. Kama mama yangu mudogo. Tulimusaidia Mabalako, tukamusaidia Beni, tukamusaidia hapa. Kila kijiti kinamuhesabu mara moja, na kila kijiti kina haki. Lakini kule juu yuko mutu moya, anahesabiwa mara moya."

Pasta alivuta kiti, akakaa. "Mama yako mudogo anakaa kwako."

"Ndiyo."

"Siku ya Mungu namuona anakaa karibu na mulango."

"Ndiyo, ni yeye."

"Basi kule Beni anafanya nini?"

Nilianza tena. Nikambofyia Beni, nikambofyia Mabalako, nikashikilia vyote viwili kwa pamoja nikamwonyesha kwamba jumla ya viwili ni ndogo kuliko hiki ukiongeza kile. Kadiri nilivyobofya ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Mwisho alisema jambo ambalo lilinikaa kichwani, kwamba maisha yake yote alifundishwa kuwa ukijumlisha vipande unapata kitu kizima, na kama huku kwetu vipande vinapita kitu kizima, basi nitafute kipande kibovu. Akaondoka bila hasira.

Nilikaa nikiwaza kama yeye ndiye haelewi au mimi. Nilijua namna ya kuifanya kompyuta ihesabu vizuri. Namna ya kumfanya mtu aliyezoea kuhesabu vizuri aamini, sikuijua. Na nilipokaa na vile vijiti peke yangu kwa muda mrefu, mimi mwenyewe nilianza kuviona vibaya.

Basi nikafanya jambo la kumridhisha. Nikaweka sheria kwamba kila mtu ahesabiwe mahali pamoja tu, pale alipoonekana mwisho. Vijiti vikakubali papo hapo: Butembo na Beni na Mabalako na Kasugho, ukijumlisha, unapata namba ya juu bila kupungua wala kuzidi. Pasta alijumlisha kwenye simu yake, akaniambia Mungu anibariki.

Mwenzetu wa Beni alipiga simu siku iliyofuata.

"Dada, umenipokonya batu."

"Hapana, kaka. Nimebapanga tu."

"Niko naangalia hapa. Kijiti ya Mabalako imebaki kama kisiki. Tulienda kule na pikipiki, mvua inanyesha, tuligawa mbegu siku mingi. Sasa mutu akifungua hii kitu ataona hatukufanya kazi."

"Ni kwa sababu batu bale walishatoka kule. Walikuja kwenu, halafu wengine walikuja kwetu."

"Najua walitoka," alisema. "Mais mbegu nilibapatia kule."

Alikuwa na haki, na Pasta alikuwa na haki. Nilisema nitaangalia, nikakata simu, nikaangalia, na sikuona kitu. Mimi niliyekuwa nimesomea mambo haya nilikuwa nimevitengeneza vijiti mara tatu, na kila mara vilisema kweli tofauti.

Jioni hiyo, kabla jua halijashuka nyuma ya mikalitusi, nilimkuta mama mdogo kizingitini akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa karibu naye nikaamua kumwuliza yeye. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwuliza aliyekuwa kwenye vijiti vitatu.

"Mama mudogo, kule kazini nataka kukuandika fasi moya tu. Nikuandike wapi?"

Hakuinua macho. "Mbona fasi moya?"

"Ili usihesabiwe mara tatu."

"Nani alinihesabu mara tatu?"

"Sisi."

Alifikiri. "Niandike kule kwenye shamba yangu."

"Lakini huko hauko."

"Niko hapa sababu ya vita. Hapa hapana kwangu, ni kwako. Beni ni kwa baba yako. Ukiuliza mutu wapi njo kwake, anakuambia kwake."

"Hatuulizi kwako ni wapi. Tunauliza ulipata musaada wapi."

"Nilipata yote tatu." Sasa aliniangalia. "Na ukiniandika hapa, kule Beni watanifuta?"

"Hakuna mutu atakufuta."

"Umesema hapana kunihesabu kule."

"Kukuhesabu na kukuandika si kitu kimoya, mama mudogo."

Nilichota maharagwe machache nikayapanga sakafuni mafungu matatu. Nikamwambia hili ni Mabalako, hili Beni, hili Butembo. Nikachukua haragwe moja jekundu nikamwambia huyu ni wewe. Nikaliweka fungu la kwanza, nikaliondoa nikaliweka la pili, na nikiwa nalo vidoleni nikielekea la tatu nikatambua kwamba shida yangu yote ilikuwa hapo: lilipaswa kuwa katika mafungu yote matatu kwa wakati mmoja bila kuwa maharagwe matatu. Nilibaki nimelishika. Mama mdogo alisubiri kwa adabu. Kisha akalichukua mkononi mwangu, akalitazama, akalitupa uani kwa sababu lilikuwa limetobolewa na wadudu, akaendelea kuchambua.

"Kazi yenu ni ngumu," alisema, kwa huruma kabisa.

Wageni wa wafadhili kutoka Goma walifika nikiwa bado sijaamua. Walikuwa wawili, mwanamume aliyebofya kila kitu kabla hatujamweleza, na madame mmoja aliyesikiliza na kalamu mkononi. Nilikuwa nimerudisha vijiti vya zamani, vile vinavyozidi, kwa ajili ya mwenzetu wa Beni ambaye naye alikuwa amepanda kuja Butembo siku hiyo. Hesabu ya mahali pa mwisho nilikuwa nimeitengea ukurasa wake nyuma, sijui nitaitumiaje.

Pasta ndiye aliyesimama kueleza. Alieleza vizuri, akisema juu ya mashamba, juu ya njia, juu ya akina mama wanaoshona. Ndipo yule mwanamume akauliza kwa nini vijiti vinapita jumla.

Pasta hakusita. "Ah, bale wanazidi ni bale walisharudia kwao."

Wageni walitikisa kichwa kwa kuridhika. Madame akaandika. Mwenzetu wa Beni aliniangalia, nami nikaangalia sakafu. Haikuwa kweli. Yalikuwa maelezo mazuri, yenye kueleweka, na hayakuwa na uhusiano wowote na vijiti vile. Mtu kama Pasta humkatizi mbele ya wageni. Lakini niliiona kalamu ya madame ikitembea.

"Pasta, samahani," nilisema. "Naomba niongeze kidogo juu ya ile umesema."

"Ongeza, mutoto wangu."

Nikasema kwamba waliorudi kwao wapo, ila si hao wanaozidisha. Wanaozidisha ni watu waliosaidiwa mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu walikimbia zaidi ya mara moja. Kila kijiti, ukikisoma peke yake, kinasema kweli: hapa tulisaidia watu kiasi hiki. Namba ya juu nayo inasema kweli: kwa jumla ni watu hawa. Kosa ni kujumlisha vijiti. Niliogopa kumtazama Pasta.

Madame aliacha kuandika. "Donc, basi, nikitaka kujua ni batu ngapi, nachukua ya juu."

"Ndiyo, madame."

"Na nikitaka kujua ofisi ya Beni ilifanya kazi kiasi gani?"

"Kijiti cha Beni."

"Na nikitaka kujua leo batu biko wapi?"

Nikaufungua ule ukurasa wa nyuma. "Hapa. Ila ni pale tuliwaona mwisho. Leo hii waliko hatujui."

Akasema basi hayo ni maswali matatu. Kwangu lilikuwa jambo jipya. Kwa miezi nilikuwa nikitafuta namba moja, na sikuwa nimejiuliza swali lenyewe ni lipi. Yule mwanamume aliendelea kubofya Beni na Butembo kwa zamu, amekunja uso kama Pasta, akasema bado haimwingii. Madame akamwambia aache, atamweleza garini.

Walipoondoka nilikwenda kumwomba Pasta radhi. Alikuwa akifunga madirisha. Alisema hakuna ubaya, ila akaniomba nimwandikie kwa maneno, kwenye skrini ileile, ili siku nyingine asiwe mwongo bila kujua. Nikaandika chini ya vijiti: "Mtu mmoja anaweza kuonekana kwenye kijiti zaidi ya kimoja. Usijumlishe vijiti. Idadi ya watu ni ile ya juu." Nikatenga kurasa tatu, kila moja na swali lake juu yake. Ukurasa wa mistari, ule wa kwanza kabisa, niliurudisha pia, lakini safari hii niliuita huduma na si watu, na mwenzetu wa Beni akaupenda kuliko zote kwa sababu siku zake za mvua zilionekana humo.

Pasta aliisoma ile sentensi yangu kwa sauti, taratibu. Akaisoma tena. Kisha akachukua simu yake akajumlisha vijiti.

Msimu wa kakao ulipofika mama mdogo alisema anashuka kuangalia shamba, kwa sababu jirani alimwambia kumetulia kidogo. Sikutaka aende. Baba yangu pia hakutaka, lakini alimtafutia nafasi kwenye gari la mtu anayemwamini. Alikwenda na sahani na sufuria moja na mkasi wa kukatia kakao. Baada ya majuma kadhaa, asubuhi moja nikiwa kazini, niliufungua ukurasa wa mahali pa mwisho nikaona kijiti cha Butembo kimepungua na cha Mabalako kimeongezeka. Nilimpigia mwenzetu wa Beni kumwuliza kama ni mama mdogo. Akasema ndiyo, walimwona Mangina, alichukua mbegu, alikuwa na kadi zote mkononi, hata ile iliyobaki kwa jirani, na aliwaonyesha kabla hajaulizwa.

Nilifurahi, kisha nikachanganyikiwa kwa kufurahi huko. Chumba alichokuwa akilala kilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nikitabasamu mbele ya kijiti.

Pasta aliniuliza habari zake Jumapili, mlangoni mwa kanisa. Mimi husali Ijumaa kwetu msikitini, lakini Jumapili zile nilikuwa nikimsindikiza mama mdogo hadi mlangoni, na hata alipoondoka miguu ilinipeleka.

"Mama mudogo iko wapi sasa?"

"Alionekana mwisho Mabalako, Pasta."

"Hapana. Nauliza iko wapi."

Nilimwambia sijui. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu Alhamisi. Upande ule kulikuwa kumesikika habari za risasi, kila mtu na zake. Wengine walisema watu wa vijiji vya pembeni wamekimbilia Mangina, wengine walisema wamepita hadi Beni.

Mama mdogo alipiga mwenyewe Jumanne jioni, kwa namba nisiyoijua. Kulikuwa na kelele za pikipiki nyuma yake. Nilimwuliza yuko wapi, akasema yuko njiani. Nikamwuliza anatoka wapi kwenda wapi, akasema wamesimama, wanangoja waambiwe kama njia iko wazi, na hajui kama watarudishwa. Kisha akaniuliza kama blanketi lake bado liko kitandani. Nikamwambia liko.

"Basi liache hapo," alisema, na simu ikakatika.

Nilienda jikoni nikaosha mchele. Nilianza kwa vikombe viwili, kama alipokuwepo, nikarudisha kimoja, nikakiongeza tena.